KUCHAGUA DARAJA: KUTOKA UUGUZI WA CHETI HADI UUGUZI WA KUSAJILIWA

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama na jamaa zao, kisiwani Wasini)





Twawashukuru watu wa kisiwa hiki kwa kutukaribisha. Tulipovuka leo asubuhi kutoka Shimoni kusi ilikuwa imeanza kuvuma, na baadhi ya ndugu zetu wa reli, waliozoea kusafiri juu ya chuma, walishika ubavu wa mashua kwa mikono miwili. Msiwacheke. Kazi yetu ni ya nchi kavu.

Hapa Wasini hakuna daraja. Mtu akitaka kuvuka huuliza kwanza: chombo hiki chaenda wapi, nahodha wake ni nani, na nauli ni kiasi gani. Hatujamwona mtu wa kisiwa hiki akipanda chombo kwa sababu kimepakwa rangi nzuri. Tungalikuwa na akili hiyo sisi, tusingalipata hasara tutakayowaeleza hivi punde.

Neno daraja katika lugha yetu lina maana mbili. Daraja ni kitu cha kuvukia, na daraja ni cheo cha kazi. Katika habari ya leo maana zote mbili zakutana. Twataka kusema juu ya wauguzi wenye cheti ambao wataka kusoma zaidi ili wawe wauguzi wa kusajiliwa, yaani wa diploma. Masomo hayo ni daraja la kuvukia, na ng'ambo yake kuna daraja la kazi. Lakini madaraja ya namna hii ni mengi siku hizi, na si yote yafikayo ng'ambo.

Huenda mtu akauliza: watu wa reli wana nini na uuguzi? Jibu ni jepesi. Wake zetu, dada zetu na binti zetu wengi ni wauguzi, na wanaume wauguzi wapo pia. Mwuguzi akisoma, karo mara nyingi hutoka katika mshahara wa mtu wa reli, au katika akiba yake ya Sacco. Mwuguzi akidanganywa, ni nyumba ya mfanya kazi iliyodanganywa. Kwa hiyo jambo hili ni letu sote.

Nasi twasema kwa kuwa limetupata. Sisi tulikomea darasa la nane katika shule ya misheni, kisha tukaingia reli. Mama watoto wetu alisoma kutupita, akapata cheti cha uuguzi, naye hufanya kazi katika zahanati moja ya upande huu wa kusini. Sisi hukaa Mombasa kwa ajili ya kazi, na mwisho wa juma huvuka Likoni kurudi nyumbani. Hatusemi haya kwa kujisifu, maana mtasikia jinsi tulivyokosea.

TOFAUTI ILIYOPO

Kwanza na tuelewane juu ya wauguzi wenyewe. Katika Kenya mwuguzi hawezi kufanya kazi mpaka akubaliwe na Baraza la Wauguzi la Kenya, ambalo makao yake ni Nairobi. Baraza hilo huweka majina. Mwenye cheti huitwa mwuguzi mwandikishwa, na karatasi yake mara nyingi ina herufi KECHN. Mwenye diploma huitwa mwuguzi wa kusajiliwa, na karatasi yake ina herufi KRCHN. Juu yao wako wenye shahada ya chuo kikuu.

Wote ni wauguzi na wote wana leseni. Mama akija zahanati usiku na uchungu wa kuzaa, haulizi herufi za mtu. Na katika zahanati ndogo, mwenye cheti hufanya kila kazi: huchanja watoto, huzalisha, hufunga vidonda, huandika vitabu, huhesabu dawa, na taa ikizimika huitafuta yeye. Lakini mshahara si mmoja, cheo si kimoja, na milango iliyo mbele si mamoja. Atakaye kwenda chuo kikuu, au kusomea kazi ya chumba cha upasuaji au ya wagonjwa mahututi, au kufanya kazi katika nchi za nje, kwa kawaida huulizwa diploma kwanza.

Watu wa reli hatuna shida kulifahamu jambo hili. Msaidizi wa dereva aweza kukaa ndani ya injini miaka kumi na kuijua njia yote, kila kilima na kila kona, lakini hawi dereva kwa sababu ya kuijua njia. Hana budi kufundishwa, kujaribiwa, na jina lake kuandikwa. Chuo cha Reli kilichoko Nairobi kilianzishwa mwaka 1956 kwa ajili ya kazi kama hiyo. Na mwaka 2017, reli mpya ilipoanza kuchukua abiria kati ya Mombasa na Nairobi, wenzetu wengi waliona kwamba ujuzi wa zamani pekee hautoshi. Hatukusema kwamba ujuzi wao ni bure. Tulisema kwamba wapewe njia ya kuvuka.

KOSA LETU LA KWANZA

Mama watoto wetu alikuwa amefanya kazi miaka tisa kwa cheti chake. Wasichana wapya waliotoka chuoni na diploma walikuwa wakiletwa kwake, naye akiwaonyesha mahali pa kila kitu, na jinsi ya kusema na mama mwoga, na jinsi ya kumtambua mtoto ambaye hangoji kesho. Baada ya miezi sita mmoja wa wasichana hao alifanywa msimamizi wake. Hakumwonea wivu, maana alikuwa msichana mwema. Lakini siku ile alirudi nyumbani, akapika, akala, hakusema neno.

Tulipofika mwisho wa juma tukaona hali hiyo, tukasema: lazima usome.

Hapo ndipo alipokuja mtu na karatasi ya rangi. Karatasi ilisema kuna chuo katika mji mmoja mkubwa kinachofundisha diploma kwa muda wa mwaka mmoja, Jumamosi tu, bila kuacha kazi, na mahali ni pachache, mwenye kuwahi ndiye atakayepata. Tulifurahi. Hatukumwuliza mtu yeyote. Tulilipa shilingi 70,000: sehemu ilikuwa mkopo wa Sacco, na sehemu ilikuwa bei ya ng'ombe wawili wa baba yetu mzee, ambaye alituambia tu, "Haya, kama ni kwa elimu."

Kwa muhula mmoja na wa pili mama watoto alitoka nyumbani kila Jumamosi kabla ya alfajiri. Kisha siku moja mwuguzi mwenzake wa hospitali nyingine akamwuliza, "Baraza limekupa namba gani ya uanafunzi?" Hakuwa nayo, wala hakujua kwamba yampasa kuwa nayo. Tukauliza Nairobi. Tukajibiwa kwamba chuo kile hakimo katika orodha ya vyuo vilivyoruhusiwa kufundisha uuguzi.

Tulikwenda kudai fedha zetu. Mara ya kwanza tuliambiwa mwenye fedha hayupo. Mara ya pili tuliambiwa twandike barua, tukaandika. Mara ya tatu tulikuta chumba kile chauza simu. Mpaka leo hatujapata hata senti moja, na mkopo tuliulipa mpaka mwisho. Ng'ombe wa mzee nao hawakurudi.

Twawaeleza haya kwa sababu nyumba zilizopatwa ni nyingi, na nyingi hunyamaza kwa haya. Haya si dawa. Mtu akinyamaza, mwenye karatasi ya rangi huenda nyumba ya pili.

MASWALI SITA

Baada ya hasara hiyo tuliketi, tukatwaa daftari la mtoto, tukaandika maswali ambayo ilitupasa kuyauliza. Tulipata sita. Twayasoma polepole, na mwenye kalamu aandike.

Swali la kwanza: Je, Baraza la Wauguzi lakitambua chuo hiki, na kwa masomo haya hasa? Angalieni vizuri maneno ya mwisho. Chuo chaweza kuwa na ruhusa ya kufundisha masomo fulani ya afya, na kisiwe na ruhusa ya kufundisha wauguzi wa cheti wavukao kwenda diploma. Msimwulize mwenye chuo peke yake. Mwulizeni mwenye rejista. Baraza lina orodha ya vyuo vilivyokubaliwa, nayo ni ya watu wote kuitazama. Mtu asilipe hata ada ya fomu kabla ya kuiona orodha hiyo. Na akiisha kuingia, ahakikishe jina lake limepelekwa kwa Baraza mapema ili apewe namba ya mwanafunzi. Bila namba hiyo hataingia katika mtihani wa Baraza, na bila mtihani huo diploma yake ni karatasi tu.

Swali la pili: Je, mimi nina mambo yatakiwayo mlangoni? Kila chuo huuliza alama za mtihani wa kidato cha nne, cheti cha uuguzi chenyewe, na leseni ambayo haijaisha muda wake. Mwuguzi aliyeacha leseni yake ilale aifufue kwanza. Mwombaji aombe masharti kwa maandishi, kwa kuwa maneno ya simu hayana shahidi.

Swali la tatu: Nisome kwa njia gani, kukaa chuoni au kusoma nikiwa kazini? Hili ni kubwa, nasi tutalirudia.

Swali la nne: Mazoezi ya hospitali yatafanyiwa wapi? Uuguzi haujifunzwi kwa kusoma peke yake. Mwanafunzi sharti afanye mazoezi katika vyumba vya wagonjwa, katika chumba cha wazazi, na penginepo, na mwalimu atie sahihi katika kitabu chake. Chuo kisichoweza kukutajia hospitali ambayo imekubali wanafunzi wake, kiogopeni. Chuo chetu kile cha Jumamosi hakikutaja hospitali hata moja, nasi tulidhani hiyo ni nafuu.

Swali la tano: Fedha zote ni ngapi? Hatusemi karo peke yake. Wekeni nauli, chakula, nguo za kazi, vitabu, ada ya Baraza, ada ya mtihani, malipo ya simu kwa masomo ya kompyuta, na malipo ya mtu atakayekaa na watoto. Sisi tulipoandika yote, tuliona kwamba karo ilikuwa kama nusu tu ya gharama. Mkopo uliotosha karo ungalituacha katikati ya maji.

Swali la sita: Mwajiri wangu atasema nini, kabla na baada? Kabla: je, atatoa ruhusa ya masomo, yenye mshahara au isiyo na mshahara? Je, atataka mkataba kwamba nimtumikie kwa muda fulani nikiisha kusoma? Mkataba wa namna hiyo si mbaya, lakini usomwe kabla ya kutiwa sahihi. Baada: je, nikipata diploma atanipandisha cheo, na kwa utaratibu gani? Tangu mwaka 2013 hospitali nyingi na zahanati za serikali ziko chini ya serikali za kaunti, kwa hiyo swali hili mwuguzi wa Kwale atalipeleka Kwale.

NJIA MBILI

Sasa twarudi kwenye swali la tatu.

Zamani njia ilikuwa karibu moja tu: mwuguzi aache kazi, aende akae chuoni. Nafasi zilikuwa chache mno, na wauguzi wa cheti walikuwa ndio wengi katika nchi. Kwa mwendo ule, kuwavusha wote kungalichukua vizazi. Kwa hiyo mwaka 2005 shirika la AMREF, ambalo lilianza mwaka 1957 kwa madaktari waliosafiri kwa ndege, lilishirikiana na Baraza la Wauguzi, Wizara ya Afya, vyuo vya uuguzi na kampuni ya Accenture, wakaanzisha mpango wa kuwafundisha wauguzi wa cheti kwa kompyuta wakiwa kazini. Shabaha yao ilikuwa wauguzi wapatao 22,000. Kompyuta ziliwekwa katika vyuo na hospitali, mwuguzi akisoma baada ya zamu, akikutana na mwalimu kwa vipindi, na kufanya mazoezi ya hospitali kama wenzake. Mpango huo ulionyesha kwamba mtu wa zahanati ya mbali aweza kuvuka bila kufunga zahanati yake.

Basi sisi tulitia mstari katikati ya ukurasa, tukaandika pande mbili.

Upande wa kukaa chuoni tuliandika: akili yote iko katika masomo, mwalimu yuko karibu, maktaba iko karibu, mtu hachoki kwa zamu ya usiku, humaliza bila kuvutwa huku na huku. Lakini: nyumba huwa mbili, na sisi wa reli tayari tulikuwa na mbili, kwa hiyo zingekuwa tatu, mtoto wetu wa mwisho alikuwa na miaka minne, na zahanati ilikuwa na wauguzi wawili tu, mmoja akiondoka mwenzake hapati usingizi.

Upande wa kusoma akiwa kazini tuliandika: mshahara waendelea, watoto wamwona mama yao, zahanati haifungwi, na asomalo usiku aweza kulitazama kwa macho asubuhi. Lakini: husoma akiwa amechoka, mtandao wa simu hukatika, hakuna mwenzake wa kumwuliza swali usiku, na bado itampasa kuondoka wakati wa mazoezi ya hospitali. Asidanganyike mtu kwamba njia hii ni ya kukaa nyumbani siku zote.

Tulichagua ya pili, katika chuo tulichokiona kwa macho yetu katika orodha ya Baraza. Lakini hatusemi kwamba ni bora kwa kila mtu. Rafiki yake mmoja, msichana asiye na mtoto bado, alipewa ruhusa ya masomo, akaenda kukaa chuoni, akamaliza mbele yetu. Naye alichagua sawa. Katika nchi hii matawi ya Chuo cha Mafunzo ya Udaktari, KMTC, ni mengi, na hata Msambweni lipo tawi, kwa hiyo mtu wa kusini na aanze kuuliza hapo karibu kabla hajapanda basi kwenda mbali.

Nasi twataka kuwaambia ukweli wa njia yetu. Kulikuwa na majuma ambayo mama watoto alisoma kuanzia saa nne za usiku mpaka saa saba, na saa kumi na mbili asubuhi akawa njiani. Wakati wa mazoezi alikuwa mbali kwa miezi, na sisi tulibadilishana zamu na wenzetu wa reli ili tukae na watoto. Ndugu hao wako hapa leo. Hatutawataja, lakini twawaona na twawashukuru. Mtihani wa mwisho somo moja lilimwangusha, kwa kuwa juma lile alikuwa katika zamu ya usiku na hakuomba aondolewe. Akalirudia, akashinda. Leo jina lake limo katika rejista.

Mzee wetu alipoambiwa, aliuliza, "Hiki cha sasa ni cha kweli?" Tukamwonyesha jina. Akasema, "Basi ng'ombe wamefika." Hilo ndilo neno lililotulipa.

YALIYOWAPATA WENGINE

Jambo hili la karatasi kutofika ng'ambo si la Kenya pekee. Katika Uingereza sheria ya mwaka 1943 iliweka orodha ya wauguzi wasaidizi kando ya rejista ya wauguzi kamili. Baada ya vita kuu ya pili hospitali za huko zilipungukiwa na watu, zikaita wasichana kutoka visiwa vya Karibi, Afrika na nchi nyingine zilizotawaliwa na Mwingereza. Wengi wao waliwekwa katika masomo mafupi ya miaka miwili, ya kuandikishwa tu, ingawa baadhi yao walistahili yale ya miaka mitatu, ya kusajiliwa. Hawakuelezwa tofauti. Waliporudi kwao waligundua kwamba karatasi ile haikuhesabiwa kuwa ya mwuguzi kamili. Baadaye, katika miaka ya 1980 na 1990, Uingereza iliacha kufundisha wauguzi wa namna hiyo, na waliokuwapo ikawapasa kutafuta masomo ya kuvuka.

Marekani nako kuna wauguzi wa daraja mbili kama hapa, na kuna masomo ya kuwavusha, na kila jimbo lina bodi yake iamuayo chuo kipi ni halali. Kwa hiyo hata mwenye ndugu Chicago au London amwambie vile vile: mwulize kwanza mwenye rejista. Nchi ni mbalimbali, lakini kosa ni moja, nalo ni kulipa kabla ya kuuliza.

KAZI YA CHAMA

Ndugu zetu, tumefika penye neno la mwisho, na ndilo zito.

Mwezi wa kumi na moja sasa umepita tangu jina la mama watoto kuingia katika rejista. Afanya kazi ya diploma, husimamia wengine, lakini mshahara wake ni ule ule wa cheti. Karatasi zake amezipeleka kwa mwajiri mara mbili. Mara ya kwanza zilipotea, na mara ya pili aliambiwa angoje. Hatumtaji mwajiri huyo, kwa kuwa shida hii si ya mmoja. Twalisema ili mjue kwamba daraja la masomo huvukwa na mtu mmoja mmoja, bali daraja la kazi huvukwa kwa umoja.

Mnakumbuka mwaka 2017 wauguzi wa hospitali za serikali waligoma kuanzia mwezi wa Juni mpaka Novemba, karibu miezi mitano, wakidai mapatano yao ya mshahara. Wagonjwa waliumia, na wauguzi wenyewe waliumia. Hatusemi leo habari ya kugoma. Twasema kwamba mambo yaliyoandikwa mapema na kutiwa sahihi hupunguza mambo yanayosemwa kwa hasira baadaye. Kwa hiyo tuna maombi manne.

La kwanza, kila mwuguzi wa nyumba zetu awe mwanachama hai wa chama chake cha wauguzi, na amwambie mjumbe wake habari ya masomo kabla ya kuanza, asingoje mpaka mambo yaharibike.

La pili, Sacco zetu zisitoe mkopo wa karo mpaka mwombaji alete jina la chuo kutoka orodha ya Baraza. Hii si kumsumbua mtu. Tungaliulizwa swali hilo siku ile, baba yetu angalikuwa na ng'ombe wake.

La tatu, sisi waume tusiseme "soma" kisha tukakunja mikono. Mwanamke asomaye baada ya zamu hana mikono minne. Maji yatekwe, watoto waogeshwe, na taa iwashwe bila manung'uniko. Hapa Wasini mwajua thamani ya maji ya mvua yaliyowekwa katika birika. Basi nguvu za mtu nazo ni kama birika, zikitolewa tu bila kutiwa hukauka.

La nne, kila mkataba wa masomo uandikwe jambo la pande mbili: mwuguzi atatumikia muda kadha baada ya kusoma, na mwajiri atamtia katika cheo chake kipya kwa muda kadha. Mkataba unaomfunga mmoja peke yake ni kamba, si mkataba.

Wazee wa Wasini, twawaeleza na ninyi pia, maana ninyi ndio wenye kuumia mwuguzi akikosekana. Mama akishikwa na uchungu usiku hapa au Mkwiro, ni mashua mpaka Shimoni, kisha gari mpaka Msambweni, na bahari haingoji mtu. Mwuguzi wenu akisema ataka kusoma, msihuzunike kwamba atawaacha. Mwulizeni asoma kwa njia gani, nani atashika zamu yake, na atarudi lini. Mwandikieni mwajiri barua kumsaidia. Mwuguzi asiyesaidiwa kupanda mahali alipo hutafuta mahali pengine pa kupanda, na hapo ndipo zahanati hubaki na mlango tu.

Mwisho, kama yupo hapa msichana mwenye cheti aliye na karatasi ya rangi mfukoni, na tarehe ya mwisho ya kulipa ni kesho, twamwomba asilipe kesho. Chuo cha kweli kitakuwapo juma lijalo. Aje kwetu baada ya mkutano pamoja na karatasi yake. Daftari lile la mtoto tumekuja nalo, na maswali sita yamo. Tutayauliza pamoja.

Maji yaanza kutoka, na nahodha ametuashiria.  Umoja ni nguvu.